Paliye ya Mwisho na Byamungu

Vijana wa timu, mmeniuliza mara nyingi kwa nini ordi yangu ilipangwa kama ya mtu mwoga. Siku ya kuniaga mmoja wenu alisema, tena nikisikia, kwamba mimi, tonton Déo, nikiachwa nitafanya paliye hata nikitoka kuoga. Nilicheka pamoja nanyi. Sasa nimestaafu, daktari amenikataza kushuka hata kina cha mtoto, na asubuhi ninakaa barazani kwangu Cimpunda, juu kilimani, nikitazama kipande cha ziwa kinachoonekana katikati ya mabati ya majirani. Nafasi ninayo. Acheni niwajibu vizuri.

Nitaeleza na mambo mnayoyajua tayari, kwa sababu nawafahamu: wake zenu ndio watakaosoma hadi mwisho. Ordi ni ile kompyuta ndogo tunayoifunga mkononi. Ukizama sana, mwili unakunywa gesi unayoipumua kutoka kwenye chupa, na ukipanda haraka gesi ile inatoka kwa fujo, ndani ya damu, ndani ya viungo, ndani ya uti wa mgongo. Kwa hiyo unapanda kwa vituo. Kituo tunakiita paliye. Unashika kamba, unangoja, ordi inahesabu, unapanda kidogo, unangoja tena. Haya, mama watoto, sasa mnajua kwamba kazi ya waume zenu ni kungoja.

Mimi nilikuja nikiwa fundi wa kuunga vyuma, mtu wa Kadutu, na nilidhani nitaanza na maji. Papa Murhula, mkuu wetu, hakuniacha hata nilowe miguu. Alikuwa mtu wa Katana, mrefu, msemaji wa maneno machache, aliyejifunza kuzamia baharini mbali na huku kisha akarudi kwenye ziwa la kwao. Siku yangu ya kwanza alinituma soko la Kadutu nimletee paketi ya biskuti.

“Siyo biskuti yote yote,” aliniambia. “Uliza yenye ilitoka Uvira.”

Nilipanda, nikauliza, akina mama wa sokoni wakanicheka kwanza, halafu mmoja akaipata. Niliporudi Papa Murhula aliiweka mezani tukaitazama. Ilikuwa imevimba hadi pembe zake zimenyooka.

“Uvira iko chini, hewa ya kule iko nzito,” alisema. “Hii ilifungwa chini, ikapanda na camion ya mizigo mpaka huku. Hakuna mutu aliipuliza. Ni njia njo ilifanya vile. Wewe na mimi tuko sawa na hii paketi, ila sisi hatuna plastiki ya kuonyesha.”

Kisha akaifungua tukala biskuti na chai, na shule ya siku ya kwanza ikaishia hapo. Nimesoma vitabu vinene tangu wakati ule na sijakuta maelezo bora. Ziwa letu liko mlimani. Majedwali ya kuzamia yaliandikwa na watu waliokaa pwani, na ukiyafuata huku kama yalivyo yanakudanganya kwa heshima zote: unatoka majini ukidhani umefika, kumbe umefika mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko walivyofikiria wao. Ordi ina mahali pa kuiambia uko juu kiasi gani. Papa Murhula alipakagua hapo kabla hajamsalimia mtu.

Baada ya hapo zilikuja zile namba mbili, ambazo ndizo mlizokuwa mnanichekea. Namba ya kwanza inaamua uanze kusimama kwenye kina gani. Ya pili inaamua utoke majini ukiwa karibu kiasi gani na ukingo ambao wataalamu wanasema usiuvuke. Ukiweka namba kubwa, unauamini sana mwili wako. Ukiweka ndogo, ama umezeeka ama una akili. Kulikuwa na miaka ambapo mtindo ulikuwa kuishusha sana ile ya kwanza, usimame mapema, chini kabisa. Sisi nasi tulifuata, mtindo ni mtindo. Tulikuwa tunatoka tumechoka kama watu waliopandisha magunia ya makaa mgongoni kutoka bandarini hadi Cimpunda. Papa Murhula alitutazama majuma kadhaa, kisha akatuambia kwamba ukisimama chini sana mwili bado unaendelea kunywa. Namba ya kwanza akaipandisha, ya pili akaishusha, na juma lililofuata akaishusha tena. Muda wetu wote wa kungoja aliupeleka juu, kwenye paliye ya mwisho karibu na uso wa maji, pale tunapopumua oksijeni tupu. Nilimuuliza kwa nini asiache tu namba zilizokuja na ordi kutoka dukani. Alinijibu kwamba aliyeitengeneza hajawahi kurudi nyumbani kwa njia ya Cimpunda.

Wala namba haikuwa moja kwa wote. Kabla hajaishika ordi ya mtu alimuuliza, “Leo uko nalala wapi?” Mgeni angeweza kulifikiria vibaya swali hilo. Anayelala chini karibu na ziwa alipewa namba moja, anayelala juu kwenye vilima vya Kadutu akapewa nyingine, ndogo zaidi, na mwenye safari ya kupanda kwenda milimani hakushuka kabisa siku hiyo. Kwake yeye mzamo haukuishia kwenye ngazi ya mashua. Uliishia kitandani kwa mtu. Na wawili wanaoshuka pamoja hufuata namba ya yule anayelala juu zaidi, hata kama mwenzake nyumba yake inagusa maji.

Nyumba ya Byamungu, mwenzangu wa kushuka naye, karibu iguse maji. Alikaa Nguba, na kwa ajili yangu alining'inia kwenye kamba kuliko alivyohitaji, miaka yote tuliyoshuka pamoja.

“Déo, hama Cimpunda,” alikuwa akiniambia. “Ngozi yangu inazeeka kwa sababu ya nyumba yako.”

Baada ya mzamo hatukuruhusiwa kupanda kilima kwa miguu wala kubeba kitu. Tulikaa bandarini kwenye viti, tukila sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwa letu, na kunywa chai hadi jua lilegee, ndipo kila mtu apande pikipiki kwa mwendo wa maiti. Mke wangu, Maman Zawadi, aliamini kwa muda mrefu kwamba kiti changu kilikuwa ndani ya baa.

“Gesi gani hiyo inatoka mutu akikaa tu kwenye kiti?” aliniuliza.

“Njo ile ile, inatoka akikaa.”

Siku moja alishuka mwenyewe kuhakikisha. Alitukuta tumepangwa ukutani kama wagonjwa wa dispensari, kila mmoja na kikombe chake. Akaona haya, na tangu hapo akawa anatuletea maharagwe.

Sasa niwaambie ninachokikumbuka kwa kweli. Siyo kina. Kina chenyewe ni mahali pa huzuni: unazipita sambaza, unaupita mwanga, na chini ya hapo katika ziwa hili hakuna kinachoishi, maji yenyewe hayana pumzi, na shaba ya vifaa vyako inarudi juu imekuwa nyeusi na kunuka yai bovu. Ninachokikumbuka ni paliye. Jua linaingia majini, kamba iko mkononi, hakuna simu, hakuna mtu wa kukuita, na Byamungu yuko upande wa pili wa kamba akitafuta la kunichekesha. Alikuwa na mchezo wake wa kutembeza vidole viwili juu ya mkono wangu, taratibu, mwili umeinama mbele kidogo, na huyo alikuwa Papa Murhula anakuja kukagua. Nimekaa na watu wengi kwenye meza nyingi. Sijakaa na mtu kama nilivyokaa na yule kwenye kamba, na hatukuwa tunaweza hata kusema.

Siku ninayotaka kuwaeleza tulikuwa tunafunga kamba kwenye injini ya mashua ya mizigo iliyozama kwenye ukingo mkali, mahali penye kina kirefu. Asubuhi Papa Murhula aliuliza swali lake. Mimi nikasema Cimpunda, Byamungu akasema kwangu, Nguba, kwani nimeoa mahali pengine? Tukapangiwa namba zangu, kama kawaida, tukashuka. Kazi ilikwenda vizuri. Tukaanza kupanda, kituo kwa kituo, hadi paliye ya mwisho.

Tulipokuwa pale, kwa habari tuliyoisikia baadaye, simu ya Papa Murhula iliita. Baba yake Byamungu alikuwa amefariki ghafla kijijini, juu kabisa kupita mji mdogo wa Miti, kule barabara inakopanda kuelekea msitu. Mdogo wake Byamungu, Cirhuza, aliyekuwa mjini, alikuwa ameshapata gari na baba yao mdogo, na walikuwa njiani kuja kumchukua.

Sisi tuliona tu chupa nyingine ya oksijeni inateremka kwenye kamba, imefungwa kibao cha kuandikia. Kwenye kibao kulikuwa na mwandiko wa Papa Murhula: “Ongezeni. Musipande mpaka niwaite.” Byamungu alinionyesha ordi yake. Ilikuwa imemaliza, ilikuwa inatuambia tutoke. Nikamwonyesha kibao. Akainua mabega, akashika mkono wangu, na vile vidole viwili vikaanza kutembea, safari hii kwa kuchechemea, Papa Murhula amezeeka anasahau kuhesabu. Nilicheka hadi maji yakaingia kwenye miwani yangu. Tulikaa pale muda mrefu sana, vidole vyetu vikakunjamana, na nawaambia bila kuficha kwamba nilikuwa na furaha. Juu ya vichwa vyetu watu walikuwa wanalia.

Tulipoitwa na kutoka, Cirhuza alikuwa amesimama bandarini na gari linanguruma nyuma yake.

“Yaya,” alimwita kaka yake Byamungu, “papa alituacha. Batamuzika kesho asubuyi. Ingia tupande.”

Kule kwao hakuna chumba cha kuhifadhia maiti, na maiti haingoji. Na kwa desturi ya nyumba yao, kabla ya udongo kuanguka mtoto wa kwanza husimama kaburini akazungumza na baba yake, yeye peke yake, wengine wamenyamaza. Byamungu alikuwa mtoto wa kwanza. Alianza kuvaa suruali juu ya mwili wenye maji.

Papa Murhula alikwenda akasimama kati yake na mlango wa gari.

“Mutoto wangu, pole,” alisema. “Niliongeza yenye niliweza kuongeza. Kwa kulala hapa chini inatosha, na inabakia. Kwa kule juu haitoshi. Lala kwako, kesho muchana panda.”

“Kesho muchana kaburi iko imefungwa,” baba mdogo alisema kutoka ndani ya gari. “Ndugu yangu alikufa, na wewe uko namuambia mutoto wake mambo ya hewa?”

“Ndiyo, papa. Niko namuambia mambo ya hewa.”

“Nikipanda, itakuwa nini?” Byamungu aliuliza.

“Pengine hakuna kitu. Pengine miguu. Miguu ikikufa kule juu, caisson, ile chumba ya chuma ya kukurudisha ndani ya presha, iko mbali na hii inchi yetu, mimi sina. Sikukatazi. Baba ni wako, na miguu ni yako.”

Hapo Byamungu aligeuka akanitazama mimi. Uso wake bado ulikuwa na alama ya miwani.

“Déo. Wewe unasema nini?”

Nilikuwa na maneno mengi kichwani, habari za vilima, na za baba yangu mwenyewe ambaye nilimzika kwa mikono yangu. Nikasema moja tu.

“Baki.”

Alikaa chini, pale pale kwenye saruji, suruali imefika magotini. Baba mdogo akasema basi atazikwa na watoto wanaomtaka, na gari likaondoka. Papa Murhula alimpeleka Nguba akakaa naye, akamwacha mchana wa siku ya pili alipopanda. Byamungu alikuta kaburi limeshafunikwa. Baba mdogo ndiye aliyesimama mahali pake akasema yale ya kusemwa.

Hakurudi kazini. Alituma mtu achukue vitu vyake, na kwa mtu huyo akanitumia salamu, salamu nzuri tu. Alibaki kijijini analima viazi na kabichi. Nilipompigia simu alijibu, akauliza habari za Zawadi na mama yake, kisha akasema mvua inakuja, kwaheri. Papa Murhula alipokufa kwao Katana, Byamungu alikuja kumzika. Alisimama nyuma ya watu, akanipa mkono, akaondoka kabla ya chakula.

Nilishuka na wengine, na ninyi ni mashahidi, watu wazuri, wengine hodari kuliko yeye. Niliendelea kupanga namba kama nilivyofundishwa, na kuwauliza swali mnalolijua, na wengi wenu mlinidanganya mkasema mnalala chini ili mtoke mapema. Nilijua. Niliwapangia namba za wanaolala juu hivyo hivyo. Kama mnauliza Papa Murhula alikosea siku ile, hapana. Mtu aliyetoka kina kile hapandi mlima ule siku ile ile, hata kama juu kuna baba, hata kama juu kuna mbingu. Leo hii Byamungu akinigeukia nitasema tena neno lile lile. Lakini huko kusema kweli hakukunirudishia rafiki, na kila niliposhika kamba kwenye paliye ya mwisho niliuona upande wa pili, na hapakuwa na mtu anayetembeza vidole.

Juma moja baada ya ninyi kuniaga nilimwambia Maman Zawadi nakwenda kumwona.

“Njo ungeenda zamani,” alisema, akanifungia sambaza kavu kwenye mfuko.

Nilipanda hadi Miti, kisha pikipiki ikaendelea nami juu, masikio yakaziba, yakafunguka, yakaziba tena. Byamungu, niliyempigia simu kutoka Miti, alikuwa amesimama kando ya njia. Amepata mvi. Alinikumbatia, akauchukua mfuko, akanusa, akacheka kidogo, kisha akatangulia kwenye kilima. Alikwenda haraka kama mbuzi, nami nyuma namfuata pumzi zinaniisha, na macho yangu yote yalikuwa kwenye miguu yake. Mizima, yenye misuli, yenye matope. Nilifurahi kuiona, na nikaona aibu ya kufurahi.

Hakunipeleka nyumbani. Alinipeleka kando ya migomba, kwenye kaburi lenye msalaba wa saruji. Kutoka pale, chini kabisa, ziwa linaonekana.

“Ni yeye,” alisema. “Muambie.”

“Nimuambie nini?”

“Juu ya nini sikukuya.” Aliweka mfuko chini. “Miaka yote niko nakuya hapa, nakosa maneno. Mimi nikimuambia, ni mutoto iko najitetea. Na hapa juu hakuna mutu anajua ile kazi. Nilikuwa naogopa kukuita, nikasema siku moja Déo atakuya yeye mwenyewe. Ulikawiya.”

Nilivua kofia. Sijawahi kuhutubia kaburi, na mzee yule nilimwona mara mbili tu maishani. Lakini nilianza. Nilimweleza hewa ya chini na hewa ya juu. Nilimweleza gesi inavyoingia mwilini na jinsi inavyokataa kuharakishwa, namba mbili na kwa nini tunaziweka ndogo, vituo, kamba, oksijeni. Nilimweleza kibao kilichoteremka na jinsi mwanawe alivyokuwa anacheka majini kwa sababu alikuwa hajajua. Nilimwambia kwamba alipojua, alikuwa ameshavaa suruali kuja kwake, na sisi ndio tuliombakiza chini: mmoja wetu kwa kusema kweli, na mwingine kwa neno moja. Nilimwambia kama kuna deni aje anidai mimi. Sikupunguza kitu wala sikuongeza.

Nilipomaliza, Byamungu alisogea mbele, pale mtoto wa kwanza anaposimama. Nami nikarudi nyuma, nikanyamaza, kama inavyotakiwa.

“Papa,” alisema, “umesikia. Nilikuwa nimeshaanza kupanda. Nilikuwa nakuya, ni vile tu nilikuwa nakuya polepole.”